Pima Boya Kabla Hujagusa Jeti

Fundi anajibu maswali ya wasomaji kuhusu pikipiki za zamani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na malalamiko yanafanana: mafuta yanavuja, mafuta yanaliwa, jeti (vile vitundu vya shaba vinavyopima petroli) zimebadilishwa, pesa imekwenda, ugonjwa uko palepale. Nimechagua barua chache. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wengine wengi watajiona humo.

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Igoma, Mwanza. Marehemu baba aliniachia Honda CG125 ya zamani na ndiyo ninayoendea kazini. Nikiiegesha usiku, asubuhi nakuta doa la petroli chini. Mafuta inakula kuliko pikipiki za wenzangu, na plagi ni nyeusi tititi. Fundi wa kwanza alibadilisha jeti kubwa, wa pili akabadilisha plagi na kichujio cha hewa, wa tatu anasema ninunue kabureta mpya. Rafiki yangu wa Dar anasema boya lipimwe milimita 26, mwingine anasema 22. Nifuate ipi? Sitaki kuiuza.*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Usiiuze. CG125 ilianza kutoka mwaka 1976, na Honda waliitengeneza wakiwa wanafikiria nchi kama yetu: injini isiyo na cheni ya kamu, valvu zinasukumwa na fito, ili ivumilie vumbi na oili iliyocheleweshwa. Injini nyingi za Kichina za 125 na 150 zinazobeba abiria hapa mjini zimetokana na mchoro huohuo. Kwa hiyo spea za injini hutazikosa. Hiyo kabureta ya asili uliyo nayo ndiyo ngumu kuipata tena, kwa hiyo usimruhusu mtu aitupe kabla hamjajua inaumwa nini.

Rafiki zako wote wawili wamekupa namba za kweli, ila si za pikipiki yako. Milimita 26 ni kimo cha boya (umbali kutoka uso wa kabureta hadi mwisho wa boya, kile kielea cha ndani yake) cha Honda CB750 zile za mwanzo, zilizotoka kuanzia 1969, zenye silinda 4 na kabureta 4. Milimita 22 ni ya CB550 iliyokuja 1974. Kimo cha boya hakikopwi kutoka pikipiki moja kwenda nyingine. Hata pikipiki ya jina lilelile, kiwanda kikibadilisha kabureta, namba nayo inabadilika. Angalia ubavuni mwa kabureta yako kuna herufi na namba zilizogongwa kwenye chuma. Ziandike kwenye karatasi, na unapotafuta kitabu cha matengenezo hakikisha kinazungumzia kabureta hiyo hasa. Usipokipata, bado kuna njia ya kufika, nitakuonyesha.

Tuanze na kazi ya boya lenyewe. Linafanya kama lile la simtanki: mafuta yakipanda linanyanyuka, ulimi wake unasukuma kijisindano kizibe tundu la kuingizia, yakipungua linashuka na sindano inaachia. Kwenye simtanki, maji yakizidi inchi moja hakuna atakayejua. Kwenye kabureta, usawa wa mafuta ndani ya bakuli lililo chini yake ndio unaoamua hewa inayopita juu itayanyanyua kwa umbali gani mpaka yafike kwenye koo la kabureta, njia ya hewa. Yakiwa karibu, yananyonywa kirahisi kuanzia sailensa (injini ikiunguruma bila kuongezwa moto) mpaka mwendo kasi, na mchanganyiko unakuwa mzito kila mahali. Yakiwa mbali, injini inakaa na njaa. Tofauti ya milimita 2 tu inaonekana kwenye rangi ya plagi. Ndiyo maana jeti haiwezi kuliponya boya. Jeti kubwa inatawala zaidi pale unapofungua moto wote. Usawa wa mafuta unatawala muda wote. Fundi aliyebadilisha jeti yako kabla ya kupima usawa alikuwa anabahatisha, na sasa una mambo mawili ya kurekebisha. Jeti yako ya zamani kama bado ipo, irudishe kwanza.

Sisi wa Mwanza tuna jambo jingine la kuhesabu. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya Dar es Salaam ikifika huku tayari imeelemea kidogo upande wa mafuta mengi. Boya likiongeza lake juu ya hapo, plagi inajaa masizi upesi sana.

Sasa lile doa la asubuhi. Kabla ya kufungua chochote, jua petroli inatokea wapi, maana kuna milango zaidi ya mmoja.

Kabureta nyingi za Honda zina kijibomba cha shaba kilichosimama ndani ya bakuli. Mdomo wake uko juu kidogo ya usawa wa mafuta, na mafuta yakizidi yanaingia humo na kutokea chini kwa mpira. Kijibomba hicho hupasuka kwa uzee. Ufa wake ni mwembamba kiasi kwamba usipokisafisha na kukigeuza juani huuoni. Hapo mafuta yatavuja hata kama boya limepangwa sawasawa, na asiyeujua ugonjwa huu atalipinda boya mpaka kiyama. Fungua bakuli, lisimamishe wima juu ya karatasi kavu, mimina petroli kukizunguka kijibomba mpaka karibu na mdomo wake bila kuuzidi, kisha uliache. Karatasi ikilowa chini ya tundu la kutokea, umeshampata mwizi. Ufa unazibwa kwa kuchomea risasi kwa nje, kazi ya dakika chache kwa fundi redio mwenye mkono mzuri, baada ya bakuli kuoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa.

Karatasi ikibaki kavu, nenda kwenye sindano. Ivute pini ya boya taratibu, boya litatoka na sindano yake. Nguzo zinazoishika pini ni dhaifu. Ukigonga kwa nyundo bila kuegemeza upande wa pili zinavunjika, na hapo kweli utanunua kabureta. Ishike sindano juani na uizungushe. Ncha yake nyeusi ya mpira inatakiwa iwe laini kuanzia juu mpaka chini. Ukiona duara limechimbika pale inapokutana na kiti chake, au ukucha wako ukikwama ukiupitisha, sindano imekwisha. Nyuma yake kuna kipini chenye springi. Kibonyeze kwa kidole, kiingie na kurudi chenyewe. Kisha tazama kiti cha sindano, kile kitundu cha shaba. Chukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, weka dawa kidogo ya kung'arishia shaba, zungusha taratibu mpaka king'ae, halafu kioshe kwa petroli safi. Usikiguse kwa msasa wala bisibisi. Kama kiti chako ni cha kufungua, chini yake kuna o-ringi au washa, nayo ikiwa ngumu mafuta yanapita pembeni ya kiti huku sindano ikiwa nzima.

Rudisha sindano na boya, geuza kabureta miguu juu ili boya liilalie sindano kwa uzito wake, vuta mpira safi kwenye tundu la mafuta, upulize kwa mdomo. Hewa isipite. Nyanyua boya kidogo kwa kidole: hewa ipite. Jaribio hili halina gharama na linakuambia ukweli kabla ya kurudisha kabureta kwenye injini.

Naomba unielewe vizuri hapa, kwa sababu ndipo kabureta nyingi zinapoharibiwa. Usipinde ulimi wa boya ili kuzuia sindano inayovuja. Ukipinda, doa la asubuhi linaweza kupungua kwa wiki kadhaa, kwa sababu boya linaisukuma sindano mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Lakini usawa wa mafuta umeushusha, injini inakosa nguvu mlimani, na ncha ya sindano inazidi kuchimbika. Mvujo unarudi, safari hii ukiwa na ugonjwa wa pili. Kwanza sindano ishike mafuta. Kupima kimo kunakuja baada ya hapo.

Kupima kwenyewe: toa gasketi ya bakuli, maana kimo kinapimwa kutoka kwenye uso wa chuma. Geuza kabureta miguu juu, kisha iinamishe pembeni kiasi kwamba ulimi wa boya unaigusa sindano bila kukibonyeza kile kipini cha springi. Hili ndilo jambo linalowapotosha wengi. Ukiiacha kabureta imelala kabisa, uzito wa boya unakibonyeza kipini na unapata namba ya uongo. Inamishe, rudisha polepole, ulimi uguse tu. Hapo pima kwa rula ya chuma au venia (kipimio cha kubana) kutoka uso wa kabureta hadi sehemu ya boya iliyo mbali zaidi nao. Kama boya lina vipande viwili, pima vyote. Vikitofautiana, boya limepinda.

Namba ikiwa kubwa kuliko ya kitabu, boya liko juu wakati kabureta imegeuzwa, maana yake kwenye pikipiki litakuwa chini na mafuta yatakuwa machache. Namba ikiwa ndogo, mafuta ni mengi. Mafundi wengi hugeuza jambo hili kichwani, kwa hiyo liandike kwenye mkono wa kushoto kabla hujashika koleo. Kusahihisha, unapinda ule ulimi mdogo wa chuma unaoigusa sindano. Ukiusogeza kuelekea sindano, sindano inafunga mapema na usawa wa mafuta unashuka. Ukiuondoa, usawa unapanda. Pinda kidogo mno. Ulimi uko karibu na pini na boya liko mbali, kwa hiyo ukiusogeza ulimi kiasi cha unene wa kucha, boya linasogea mara tatu yake au zaidi. Shika mkono wa boya kwa vidole usiinuke, pinda kwa bisibisi nyembamba, pima tena. Usilibonyeze boya lenyewe ili ulimi upinde.

Bila kitabu, anzia hapa: ulimi ukigusa tu sindano, mstari wa kuungia wa boya au mkono wake uwe sambamba na uso wa kabureta. Kwa kabureta nyingi za zamani za boya la chuma huo ni mwanzo mzuri. Kisha thibitisha kwa mpira.

Njia ya mpira naiamini kuliko rula, kwa sababu rula inapima boya na mpira unapima mafuta yenyewe. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Mpira mpya wa dripu wa duka la dawa unafaa kwa kazi ya muda mfupi. Uvute kwenye tundu la chini la bakuli, unyanyue juu ubavuni mwa kabureta, ushikilie na lastiki. Pikipiki isimame wima kwa stendi ya kati, sakafu iwe tambarare, si kwa stendi ya pembeni. Fungua koki ya mafuta, kisha legeza skrubu ya kumwagia. Petroli itapanda kwenye mpira na kusimama pale ilipo ndani ya bakuli. Weka alama ya kalamu. Kwa kabureta za namna hii inatakiwa isimame milimita chache chini ya mstari ambapo bakuli linakutana na kabureta. Ikiwa juu ya mstari, au inaendelea kupanda polepole wakati unaitazama, sindano haijafunga. Iache robo saa uitazame tena. Sindano mbovu inaweza kukudanganya kwa dakika moja, haiwezi kukudanganya kwa robo saa.

Fanya haya nje, mbali na jiko la mkaa la jirani na mbali na sigara. Na kwa zile skrubu za bakuli, pikipiki za Kijapani zina mkato wake wa nyota, hauingiliani sawasawa na bisibisi za kawaida. Bisibisi ya kawaida inaruka na kula kichwa cha skrubu. Tafuta bisibisi ya Kijapani, au gonga kwanza kichwa cha skrubu taratibu kwa bisibisi inayokaa vizuri kabla ya kuizungusha.

Ukimaliza, weka plagi safi, endesha kutoka Igoma mpaka Mabatini, ukiwa bado kwenye mwendo bana klachi na uzime injini, kisha ufungue plagi. Rangi ya kahawia ndiyo tunayoitafuta. Hapo sasa, kama kuna haja, ndipo uguse skrubu ya hewa na jeti. Kabureta mpya ya bei nafuu usinunue kabla ya kufika hapa. Ukibadilisha sindano na ukaziba ufa wa kijibomba kama upo, kabureta ya baba yako itafanya kazi miaka mingi.

*Salaam fundi. Niko Nansio, Ukerewe. Pikipiki yangu ya zamani ina boya la shaba. Lilitoboka, fundi akalichomea risasi, lakini mafuta bado yanafurika. Nimeambiwa nitafute boya la plastiki. Pia ndani ya bakuli kuna unga mweupe unaorudi kila nikisafisha.*

Salaam ndugu yangu. Boya la shaba lishike sikioni ulitikise. Ukisikia kitu kinacheza ndani, alizibia petroli humohumo, na boya zito haliwezi kunyanyuka kufikia pale panapotakiwa. Pengine tundu lenyewe hakulipata, akaziba pengine. Chemsha maji, epua sufuria, ipeleke mbali na moto, kisha lizamishe boya kwa koleo. Hewa na mvuke vilivyomo vinatanuka, na mapovu membamba yatakuonyesha tundu lilipo. Weka alama kwa msumari. Halafu litobolewe tundu dogo sana upande wa pili, petroli na mvuke vitoke, likae juani mpaka usisikie harufu hata kidogo, ndipo lichomewe matundu yote mawili. Mtu asilisogelee kwa moto au pasi ya kuchomea likiwa na petroli ndani. Litalipuka usoni mwake.

Risasi iwe kidogo. Fundi akiweka tone kubwa ameliongezea boya uzito, na boya zito linaelea chini zaidi, kwa hiyo usawa wa mafuta unapanda hata kama kimo kwa rula ni kilekile. Boya lililochomewa lazima lithibitishwe kwa mpira, kama nilivyomweleza kijana wa Igoma, na ulimi upindwe kufuata mpira.

Boya la plastiki la kuokoteza usiweke. Uzito ni mwingine, umbo ni jingine, na mara nyingi hukwama ukutani mwa bakuli. Kama liko lile lililotengenezwa kwa kabureta yako, hilo sawa.

Unga mweupe ni bakuli lenyewe linaliwa na maji. Maji ni mazito kuliko petroli, yanatulia chini ya bakuli, na alumini inageuka unga. Visiwani petroli inasafiri kwenye madumu, inakaa kwenye mitumbwi, inauzwa kwenye chupa. Maji hayakosi njia. Imimine kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie, utaona mpaka wa maji chini. Mimina ya juu kwenye tangi, ya chini iache. Na kila Jumapili, legeza skrubu ya kumwagia ya bakuli, toa kiasi cha kikombe kidogo kwenye kopo, funga. Ule unga ukifika kwenye kiti cha sindano unaizuia kufunga, na yawezekana kabisa mafurika yako yamechangiwa na huo pia.

*Habari za kazi fundi. Mimi ni mama wa Mkolani, nina pikipiki moja ya Kichina ya 125 niliyompa kijana aendeshe bodaboda. Ananiambia akipandisha mlima wa Bugando na abiria inazimika, akisubiri kidogo inawaka tena. Ameshadai pesa ya kabureta mara mbili. Nimwamini?*

Nzuri mama, asante. Kuzimika mlimani na kuwaka baada ya kupumzika ni ugonjwa wa kweli, kwa hiyo kijana usimdhanie vibaya. Bakuli linakauka kwa kasi kuliko linavyojazwa. Akisubiri, linajaa tena.

Kwanza mwambie hivi: siku ikizimika, afungue mfuniko wa tangi. Akisikia hewa inavutwa na pikipiki ikawaka mara moja, kitundu cha hewa kwenye mfuniko kimeziba. Vumbi la Mkolani linatosha kwa hilo. Kukizibua ni bure. Kama sivyo, avue mpira wa mafuta kwenye kabureta, aelekeze kwenye chupa, afungue koki. Mafuta yatoke kwa mfululizo. Yakidondoka, chujio la koki au lile la kwenye mpira limejaa uchafu. Nalo si kabureta.

Vyote vikiwa sawa ndipo tunafika kwenye boya. Boya likiwa limepangwa chini, bakuli linabeba akiba ndogo, na pikipiki ikiinuka pua mafuta yanakimbilia nyuma ya bakuli na jeti inaweza kubaki inanyonya hewa. Muulize kijana kama kuna aliyewahi kulipinda boya ili kupunguza ulaji wa mafuta. Wako wanaofanya hivyo, na ninawasihi waache: injini yenye njaa inapata joto kali mlimani, na pistoni inagharimu kuliko petroli yote aliyookoa.

Maboya mengi ya pikipiki hizo ni ya plastiki tupu, hata ulimi wake ni plastiki. Hayo hayapindwi. Akijitokeza fundi wa kulipasha moto ili alipinde, mkatalie. Lisipokaa sawa, badilisha boya na sindano yake pamoja. Kabureta nzima haihitajiki, mama. Nenda gereji mwenyewe, wafanye jaribio la chupa ukiwa unaangalia.

*Fundi, jeti ndogo ya pikipiki yangu inaziba kila mara. Naizibua kwa waya wa breki ya baiskeli. Kuna ubaya? Msomaji, Kirumba.*

Upo. Shaba ya jeti ni laini na kitundu kimechongwa kwa kipimo. Waya wa chuma unakipanua na kukikwaruza, na hutaona kwa macho. Wewe uko Kirumba, karibu na mwalo. Omba kipande cha uzi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba kabisa. Kata ncha yake kwa mshazari kwa wembe, loweka jeti kwenye petroli usiku kucha, kisha pitisha uzi taratibu na upulize kwa pampu ya upepo. Nailoni inasukuma uchafu na haiwezi kuikwaruza shaba. Kisha weka chujio jipya kwenye mpira wa mafuta, maana jeti inayoziba kila mara inaletewa uchafu kutoka kwenye tangi.

*Shikamoo. Pikipiki yangu ililala nimesahau kufunga koki. Asubuhi oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli. Naweza kuiwasha ikaunguza yenyewe? Kijana wa Buhongwa.*

Marahaba. Usiiwashe, hata kwa kuisogeza tu. Sindano ya boya haikufunga, petroli imejaa bakuli, ikaingia kwenye silinda, ikateremka pembeni ya ringi mpaka kwenye oili. Oili iliyochanganyika na petroli hailainishi chochote. Utasaga beringi na kamu kwa safari moja ya kwenda Usagara. Na kama petroli bado imejaa juu ya pistoni, ukipiga kiki kwa nguvu unaweza kupinda fito ya pistoni, kwa sababu kimiminika hakibanwi.

Funga koki. Toa plagi, weka kitambaa, piga kiki polepole mpaka silinda itoe kilichomo, ukiwa mbali na moto na waya wa plagi ukiwa umewekwa mbali na tundu. Mwaga oili yote. Weka mpya mpaka alama, si zaidi. Kisha fungua kabureta uikague sindano na kiti chake kama nilivyomweleza mwenzako wa Igoma. Sindano ikishika, washa injini dakika tano, izime, nusa tena kijiti cha oili. Harufu ikiwapo bado, mwaga na hiyo.